Kiti cha Tatu

Chumba kilikuwa nyuma ya kanisa, Makongeni ya Thika, si ile ya Nairobi. Viti vitatu vya plastiki, meza yenye kitambaa cha maua, na boksi la tishu ambalo hakuna aliyeligusa siku hiyo. Kiti cha kwanza alikikalia mdogo wangu, siku yake ya tisa bila tone. Cha pili alikikalia msichana aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika ushauri nasaha, na pale kanisani ndipo alipokuwa akifanyia mazoezi yake. Cha tatu alikikalia mama yetu. Mimi niliegemea mlango kwa sababu cha nne hakikuwepo.

Mama hakungoja kukaribishwa.

"Daktari, huyu ni kitindamimba wangu. Mimi nimesema mpaka koo likanikauka. Marehemu baba yake alisema. Pasta amesema, chifu amesema. Sasa mwambie wewe uliyesoma."

"Asante kwa kumleta, mama," msichana akajibu. "Ningeomba tumsikilize yeye kwanza."

Kisha akanyamaza. Mdogo wangu naye akanyamaza. Huko nje mtu alikuwa akipima viazi, tukawa tunasikia kila kiazi kikigonga debe. Ilipita kama dakika nzima, na dakika nzima ya kimya katika chumba cha watu wanne ni ndefu kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi. Mama akanigeukia, akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata muuza viazi aliisikia: "Huyu analipwa kunyamaza?"

Halipwi. Yeye ndiye anayelipa karo ili afundishwe kunyamaza vile. Tangu siku ile nimekuwa nikiligeuzageuza swali la mama: mtu hupataje haki ya kuketi kwenye kile kiti cha pili? Jibu la chuo kikuu ni moja tu kati ya majibu yaliyopo duniani, na mengine si ya juzi.

Tuanze na lugha, maana lugha yetu ndiyo iliyomponza msichana yule. Kiswahili kinamwita mshauri nasaha. Kushauri ni kusema, na nasaha, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni maneno ya kumwelekeza mtu kwenye wema. Tumebebesha neno la kusema juu ya neno jingine la kusema, kisha cheo hicho tukampa mtu ambaye darasani ameonywa asiwe mwepesi wa kusema. Mama alikisoma kibao cha mlangoni, akaja kudai kilichoandikwa.

Huko Pwani asingepata tabu hiyo. Mwari hapelekwi kwa kungwi ili asikilizwe. Anapelekwa afundwe, na anayemfunda ni mwanamke aliyekwisha pitia ndoa, uzazi na misiba yake. Hakuna anayemuuliza kungwi cheti. Umri wake ndio cheti, na siri anazozitunza ndizo leseni. Akizivujisha, hapati mwari mwingine. Uhusiano wenyewe hauishi siku ya kutolewa mwari. Somo, kama kungwi anavyoitwa na mwari wake, ni somo wake maisha yote, na neno lake lina uzito kwa kuwa linatoka kwake yeye, hata kama lingeweza kusemwa na mpita njia.

Kimya cha darasani kina asili yake. Mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani alichapisha mwaka 1942 kitabu kilichoshikilia kwamba mwenye shida ana uwezo wa kuiona njia yake mwenyewe, na kwamba mshauri anayewahi kuionyesha anaiziba. Alikwepa kumwita mwenye shida mgonjwa, akamwita mteja. Hapo Kiswahili hakina budi kucheka. Dar es Salaam na Unguja, mtumiaji wa unga huitwa teja, na wengi husema neno hilo limekatwa kutoka mteja: mteja wa muuza kete. Basi mtu anamtoroka muuzaji aliyemwita mteja, anafika kwa mshauri, anaitwa mteja tena. Mwalimu wa uzamili akisema neno hilo ni la kumheshimu mtu, hajakosea. Ila na amuulize teja mwenyewe.

Hapa kwetu Ukikuyuni kulikuwa na jibu lililotangulia chuo na kanisa pia. Mundu mugo, mganga na mwaguzi, hakujichagulia kazi. Aliitwa: kwa ndoto, kwa ugonjwa usiosikia dawa, kwa mikosi iliyofuatana nyumbani, mpaka mwaguzi mwingine akatambua kwamba yanayompata ni wito. Kisha alitoa mbuzi, akaingizwa kazini na waganga waliomtangulia, akakabidhiwa kibuyu chake cha ramli. Palitakiwa mambo mawili, kidonda chake mwenyewe na wenye kazi wa kumthibitisha. Aliyeugua bila kuthibitishwa alibaki kuwa mgonjwa. Na aliyetoa mbuzi bila kuitwa, nadhani tunaye hata leo. Ana ofisi na bango.

Kazi mojawapo ya mundu mugo iliitwa gutahikia, yaani kutapisha. Louis Leakey, ambaye kazi yake kubwa juu ya Wakikuyu wa kusini ilichapishwa mwaka 1977 baada ya yeye kufariki, ni mmoja wa walioandika kuhusu mila hizo. Mtu aliyeingiwa na thahu, unajisi unaoleta maradhi, aliketishwa mbele ya kishimo kilichotandikwa jani la mgomba na kutiwa maji ya dawa. Mganga alimwonjesha naye akatema, akaonja tena akatema tena, huku uovu ukitajwa kwamba unatapikwa. Tumbo halikutoa kitu. Kilichotoka ni maneno na mate.

Sidai kwamba hiyo ilikuwa tiba ya ulevi. Pombe yenyewe, muratina ya asali au ya miwa iliyochachushwa kwa tunda la mvungunya, ilihesabiwa kuwa kinywaji cha wazee, na kijana hakutarajiwa kuonekana nayo. Angalau ndivyo wazee wanavyosimulia. Justin Willis, aliyeandika historia ya pombe Afrika Mashariki katika Potent Brews mwaka 2002, anatutahadharisha tusiimeze simulizi hiyo nzima nzima: kusema pombe ni ya wazee ilikuwa pia njia ya kusema mamlaka ni ya wazee. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema zamani hakukuwa na walevi kwa kuwa kulikuwa na baraza, huwa namuuliza ni nani aliyekuwa akiwahesabu walevi, na kama yeye mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mtungi.

Lakini kile kishimo cha jani la mgomba kiweke akilini, kisha nenda nacho Akron, Ohio, mwaka 1935, ambako Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, na daktari Bob Smith, walevi wote wawili, walianzisha AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Kati ya hatua zake 12, ya tano inamtaka mtu akiri makosa yake kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa binadamu mwingine mmoja. Binadamu huyo mmoja ndiye kishimo. Tofauti ni kwamba kwa Wakikuyu anayetapisha ni mtaalamu aliyepewa mbuzi, na kwa AA ni mlevi mwenzako asiyelipwa kitu. Ila pande zote mbili, anayekupokea alikwisha pokewa na mtu kabla yako.

Kutoka hapo ndipo ulipozuka ushauri wa uraibu kama kazi ya mshahara. Mwaka 1954 jimbo la Minnesota liliweka katika utumishi wake wa serikali nafasi ya mshauri wa masuala ya ulevi, na waliopewa walikuwa watu walioacha pombe. Katika hospitali ya Willmar, daktari Nelson Bradley na mwanasaikolojia Dan Anderson waliwaketisha watu hao meza moja na madaktari na wauguzi, jambo ambalo halikumfurahisha kila mtu. Hazelden, kituo kilichofunguliwa kwenye shamba mwaka 1949, kikaupokea mtindo huo na kuueneza. Leo Hazelden hiyohiyo ina chuo chake kinachotoa shahada ya uzamili ya ushauri wa uraibu. Walioingia kwa mlango wa kidonda wamejenga mlango wa shahada, na sijui kama Bill Wilson, aliyesomea sheria akakosa shahada kwa ajili ya chupa, angepita usaili.

Mtindo huo ulivuka bahari. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Unguja ilipata soba hausi zake za kwanza, nyumba zinazoendeshwa na watu walioacha unga. Hatua 12 ambazo mizizi yake ni vuguvugu la Kiprotestanti sasa zinasomwa na vijana wa Kiislamu kati ya swala na swala, na hazionekani kuwakwaza. Anayeingia leo na arosto anapokewa na mtu aliyekuwa na arosto hiyohiyo majuzi. Sina la kubeza hapo. Mtu aliyewahi kujikunyata sakafuni, kamasi zikimtoka na mifupa ikimwuma, hahitaji mhadhara wa kueleza arosto ni nini.

Kidonda nacho kina upofu wake, hata hivyo. Aliyeacha kwa njia moja huona hakuna nyingine. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki yake ya methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, Februari 2011, Mathari ya Nairobi ikafuata Desemba 2014, na mpaka leo utawasikia watu waliojinasua kwa hatua 12 wakisema kwamba anayekunywa methadoni bado ni teja, amebadilisha tu muuzaji. Hiyo ni hukumu ya mtu anayejua mwili mmoja, wake. Kujua kwamba miili hutofautiana, kwamba dawa hii hushikilia ubongo kwa njia hii na ile kwa njia ile, kunataka kitabu. Nimeliona hilo kwa macho yangu palepale Makongeni, na nitalirudia punde.

Kwanza niseme neno juu ya serikali yetu, ambayo siku zote imekuwa na uhusiano wa karibu zaidi na chupa kuliko na kiti. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza wabunge wa eneo la Kati waongoze uharibifu wa pombe za bei nafuu. Mapipa yalimwagwa mitaroni, picha zikapigwa. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta kwamba Mkenya 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe, na takriban 1 kati ya 20 alikuwa na uraibu wake. Hao wa mwisho hawamalizwi na mtaro. Wanataka mtu wa kuketi nao, mara nyingi, kwa miezi.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ilijaribu kuamua mtu huyo awe nani: aliyesoma, akasajiliwa na bodi. Njia ya kawaida ya uzamili ni kusomea saikolojia ya ushauri nasaha. Mtu wa Makongeni hahitaji kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kina makao yake makuu papa hapa Thika, na ukipanda matatu ya Nairobi utakipita Chuo Kikuu cha Kenyatta kabla hujaanza kusinzia. Ni nadharia, utafiti, maadili ya kazi, mazoezi chini ya msimamizi, kisha tasnifu, ambayo ndiyo kaburi la wanafunzi wengi. Uraibu wenyewe, ndani ya shahada ya jumla kama hiyo, unaweza kuwa somo moja kati ya mengi. Anayetaka kubobea huongeza mafunzo ya Mpango wa Colombo, shirika la nchi za Asia na Pasifiki lenye ofisi Sri Lanka, ambalo mtaala wake wa tiba ya uraibu umewafikia Wakenya pia: moduli 8 za msingi, kuanzia jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini hadi jinsi ya kumpokea mtu aliye katika hatari na jinsi ya kutunza siri yake.

Sasa turudi chumbani, kwenye ile dakika ya kimya.

Msichana alitoa karatasi. Ilikuwa na maswali manne ya CAGE ya kupima ulevi, yaliyochapishwa na daktari John Ewing wa North Carolina mwaka 1984. Kwa Kiingereza yanakumbukwa kirahisi kwa sababu herufi zake zinaunda neno. Kwa Kiswahili faida hiyo hufa mara moja. Matatu ya kwanza yalipita salama. La nne linahusu pombe ya asubuhi, ambayo Kiingereza huiita kifungua macho, naye alikuwa amelitafsiri neno kwa neno.

"Je, wewe hutumia pombe asubuhi ili ufungue macho?"

Mdogo wangu akafikiri. "Hapana. Macho hufunguka yenyewe."

Hakuwa akidanganya wala kufanya mzaha. Msichana akaandika sifuri. Mimi mlangoni nikajua karatasi imepotea njia, na nadhani naye alijua, kwa sababu aliitazama ile sifuri kwa muda, kisha akaikata.

"Wacha nikuulize vile tunaongea. Unatoa loki?"

"Ah! Hiyo ni lazima. Bila kutoa loki siwezi shika kijiko."

Mtanzania angemuuliza kama anazimua, na jibu lingekuwa lilelile. Lakini ona kilichotokea. Neno la vitabuni lilikuta mlango umefungwa. Neno la kilabuni likaufungua, na nyuma yake kulikuwa na habari nzito kuliko zote zilizosemwa siku ile: mikono inayotetemeka mpaka kijiko kinaanguka. Mama, aliyelelewa enzi za baraza, alisikia aibu. Aliyewahi kulewa angesikia ukumbusho wa asubuhi zake. Msichana alisikia kitu kingine, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Siku hizi tisa umekuwa wapi?"

Mdogo wangu akamtazama mama. Mama akajibu bila kigugumizi kwamba alimfungia chumbani siku nne, akimpitishia uji na maji, ufunguo ukiwa umefungwa kwenye leso yake. Alisema kwa fahari, na kwa nini asijivunie? Alifanya kile ambacho chifu na pasta walishindwa.

"Usiku wa pili na wa tatu," msichana akamuuliza mdogo wangu, "uliona vitu ambavyo wengine hawavioni?"

"Niliona panya. Wengi. Wakitoka ukutani."

Ndipo mwanafunzi wa Carl Rogers akaacha kunyamaza. Alisema polepole, akimtazama mama: "Mama, ulifanya hivyo kwa upendo. Lakini mtu ambaye mwili wake umezoea pombe hadi asubuhi, akikatizwa ghafla, anaweza kushikwa na kifafa, anaweza kupoteza fahamu, anaweza kufa. Amepona kwa bahati. Akirudia kunywa na mkataka aache, msimfungie. Mpelekeni hospitali ya Level 5 kwanza, daktari ampe dawa, ndipo mumlete kwangu."

Mama alikaa kimya. Halafu akasema, "Sasa hapo umesema."

Nimelitafakari tukio hilo kuliko lolote. Pale ndipo kitabu kilipolipa karo yake yote. Mundu mugo hakuwa na habari ya tofauti kati ya kuacha pombe na kuacha bangi. Kungwi angempongeza mama. Mlevi aliyeacha mwenyewe, kama aliacha kwa kufungiwa, angemshauri mama aongeze kufuli. Aliyesoma tu ndiye aliyejua kwamba mlango ule ungeweza kufunguliwa na kukutwa maiti. Na kumbuka jinsi alivyojua: kwa kuacha karatasi na kuuliza kwa lugha ya kilabu, kisha kwa kuvunja kimya alichofundishwa na kusema wazi, kwa amri, kama kungwi.

Basi kimya na nasaha, nani ana haki? Mwaka 1977 Griffith Edwards na Jim Orford wa London, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti ambao kila mwanafunzi wa uraibu angepaswa kuusoma kabla ya kununua joho. Walichukua wanaume 100 wenye wake, wote na tatizo la pombe. Nusu walipewa matibabu yote yaliyokuwepo. Nusu ya pili, baada ya kupimwa na kuhojiwa, waliketishwa mara moja pamoja na wake zao, wakaambiwa una tatizo, inafaa uache kabisa, na kazi hiyo iko mikononi mwako. Baada ya hapo ilikuwa kuulizia hali tu. Mwaka ulipoisha, makundi mawili hayakuwa na tofauti ya maana. Nasaha ya kikao kimoja, mke akiwa shahidi! Mama yangu angewaambia hilo bure.

Asishangilie mapema, hata hivyo. Miaka mitatu baadaye, New Mexico, William Miller na wenzake waliwapima washauri wenyewe. Waligundua kwamba uwezo wa mshauri wa kumwelewa mtu aliye mbele yake ulibashiri sana kama mtu huyo angepunguza pombe. Kundi jingine la wanywaji lilikuwa limepewa kijitabu wakajifanyie wenyewe nyumbani. Hao wa kijitabu walifanya vizuri kuliko wale walioangukia kwa washauri wasioelewa watu. Soma tena sentensi hiyo kama unapanga kusomea kazi hii: inawezekana usome, uhitimu, usajiliwe, kisha uwe na madhara kuliko karatasi iliyopigwa chapa. Kutokana na matokeo hayo, na maswali ya wanasaikolojia wa Norway waliomkatiza kila mara kumuuliza kwa nini amesema hivi na si vile, Miller aliandika makala ya mwaka 1983 iliyoanzisha mtindo wa kumhoji mtu hadi sababu za kubadilika azitaje kwa kinywa chake mwenyewe. Leo mtindo huo uko karibu katika kila mtaala wa uraibu.

Kinachonivutia zaidi ni wale Wanorway. Miller alikuwa tayari msomi. Hakujua anachokifanya mpaka watu walipoketi wakamtazama akikifanya, wakamkatiza.

Nilikutana na yule msichana tena miezi michache baadaye, kwenye steji ya matatu. Alinitambua kabla sijamtambua, akauliza habari za mama kwanza, kama inavyotakiwa. Nikamwambia lile swali la loki lilinigusa. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Siku ile nilitetemeka njia nzima hadi nyumbani," alisema. "Nikawaza, ningeiacha ile sifuri je?"

Nikamuuliza alimweleza nani. Akaniambia msimamizi wake ana wanafunzi wengi kupita kiasi. Huwapigia sahihi daftari la saa mwisho wa mwezi, wote kwa mara moja, ofisini. Chuo sitakitaja, na sidhani ni hicho kimoja tu. Saa zake zilikuwa zimetimia. Tasnifu ilikuwa imebaki sura moja. Ila katika miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kuketi naye chumbani, au hata kusikiliza kikao chake kilichorekodiwa kwa ridhaa ya mhusika, amwambie hapa ulisikia vizuri, hapa ulikuwa ukisoma karatasi.

Hapo ndipo nilipoona hasa kile ambacho chuo kiliazima kwa wengine, na kile ambacho kilisahau. Kungwi ana nyakanga, kungwi mkuu, juu yake. Mundu mugo hakushika kibuyu kabla ya waganga wenzake kumwingiza. Mwana AA ana mtu aliyetangulia kuacha, ambaye anaweza kumpigia simu saa nane za usiku. Wote hawa, wasio na shahada, walikuwa na jambo moja ambalo shahada imeligeuza kuwa daftari la sahihi: haketi mtu na mwingine mpaka awepo wa kuketi naye. Vitini vya dawa na ubongo chuo kimeviongeza, na nimeona vinaokoa uhai. Mlango kimeubana pia kwa aliyeacha pombe miaka kumi iliyopita akaishia kidato cha pili. Huyo atabaki kuitwa msaidizi, ingawa ndiye aliyemfundisha msichana neno la loki, kama si yeye basi mwenzake. Hayo mawili yanaweza kusuluhishwa kwa muda, kwa kozi fupi na kwa bodi yenye busara. Kiti cha msimamizi kikiwa kitupu, hakuna kinachosuluhishwa. Ni kumwaga mtaani wahitimu na kutumaini kila mmoja atatazama sifuri yake kwa muda wa kutosha kabla hajageuza ukurasa.

Mdogo wangu alirudi kwenye chumba kile mara sita. Kati ya ya nne na ya tano alikunywa, na safari hiyo mama alimpeleka hospitali bila kugusa kufuli.

Wewe unayefikiria kusomea kazi hii, Thika au kwingineko, karo utatajiwa hata kabla hujauliza. Uliza wewe msimamizi atakuwa nani, ana wanafunzi wangapi, na ni lini ataingia chumbani akae kwenye kiti cha tatu akusikie ukifanya kazi. Wakikuonyesha daftari, waambie hukuulizia daftari.